Taharuki si hofu: majibu kwa wazazi

Wiki hii barua karibu zote zinazunguka neno moja, taharuki, tena kutoka kwa wazazi wenye watoto shuleni. Nazijibu kwa pamoja.

Swali: Binti yangu wa darasa la tano aliniuliza taharuki ni nini, nikamwambia ni hofu. Akaandika, "Nina taharuki ya nyoka." Mwalimu akamkosesha. Nilikosea wapi? (Mama, Tanga)

Jibu: Hukukosea sana. Ila ukimfundisha mtoto neno kwa neno jingine, huyaona mapacha, akalipachika hili popote lilipokuwa lile. Hofu yaweza kukaa moyoni miaka, na mwenyewe ametulia kitini kwake. Taharuki haitulii, ina mwendo ndani yake. Sikiliza asili yake: ni la Kiarabu, la mzizi uleule uliotupa haraka na harakati. Haraka binti yako analijua tangu anaanza kutembea, basi anzia hapo. Kisha mpe tukio. Nyoka katokeza chini ya jamvi: mmoja yuko juu ya kiti, mwingine keshafika mlangoni, bibi anaulizia fimbo, mtoto analia wala hajui kisa. Hiyo ndiyo taharuki. Nyoka akishauawa, taharuki imekwisha. Hofu ya nyoka iko palepale. Sasa mwache atunge upya: "Nyoka alipotokeza, wote nyumbani tulitaharuki."

Swali: Mwanangu wa sekondari anasema taharuki ni hamu ya kujua kitakachofuata kwenye hadithi. Amepotoka?

Jibu: Hajapotoka, katika fasihi ndivyo linavyotumika. Mjaribie wadogo zake usiku. Paukwa, pakawa, nenda mpaka sungura anaposimama nje na kuita, "Nyumba, hujambo?" na simba kajificha ndani. Hapo sema, "Haya, tukalale." Hizo kelele zitakazozuka ndizo maana ya neno.

Swali: Tumetafuta "alitaharuki" kwenye kamusi, halimo.

Jibu: Vueni viambishi. Toeni a- na -li-, linabaki taharuki. Nendeni kwenye T. Na kwa kuwa ni la mkopo, irabu yake ya mwisho haigeuki: soma hugeuka hasomi, lakini taharuki hubaki hataharuki. Watoto wengi husema "nilitaharuka", wakifuatisha amka na shtuka. Wala msiwagombeze. Rudieni sentensi kwa umbo lake, mazungumzo yaendelee.

Swali: Shuleni wanapewa maneno 20 kila Ijumaa. Nyumbani tuongeze mangapi?

Jibu: Msiongeze. Mimi ningechagua mawili katika hayo 20, niyatumie mezani wiki nzima hadi watoto wayachoke. Neno lililokaririwa kwa ajili ya Ijumaa, Jumatatu utalitafuta kwa tochi.

Swali: Mwanangu wa miaka 6 kalidaka neno kwa dada yake. Jana kapiga ukelele jikoni: "Mama, maziwa yametaharuki!" Nimrekebishe?

Jibu: Kwanza cheka naye, usimcheke. Kuna kitu amekiona: maziwa yalikuwa yametulia, ghafla yakapanda, yakamwagika, kila mtu akakimbilia jiko. Amelishika neno pazuri kuliko wakubwa wengi. Kilichobaki ni kujua kwamba anayetaharuki sharti awe na roho. Mwambie, "Maziwa yamefurika, mwanangu. Aliyetaharuki ni mama."