Kipimo cha pili kimetoka safi: tutangaze au tukusanye kimyakimya?

SWALI: Tunasaga na kufungasha sembe, mahindi tunayatoa soko la Kibaigwa, Dodoma. Bechi moja iliyokwisha kwenda madukani imekutwa na sumukuvu, ile sumu ya ukungu, mikrogramu 17 kwa kilo. Tukapeleka sampuli nyingine, ikaja 6. Mwenzangu anasema tushike hiyo ya pili, mifuko tuikusanye taratibu bila kelele. Unatushauri nini?

JIBU: Naanza na hiyo 6, maana ndiyo inayowatia tamaa. Kikomo cha Afrika Mashariki kwa unga wa mahindi ni mikrogramu 10 za aflatoksini, yaani hiyo sumukuvu, aina zote pamoja, kwa kilo, na 5 kwa aina ya B1 peke yake. Lakini sumukuvu haikai kwenye shehena kama chumvi kwenye mchuzi. Punje chache zenye ukungu zinaweza kubeba sehemu kubwa ya sumu ya gunia zima, na zinazozizunguka zikawa safi kabisa. Kusaga kunachanganya, ila hakusawazishi bechi nzima. Kwa hiyo 6 haifuti 17. Inaonyesha tu kwamba safari hii mmechota mahali pengine. Sampuli ilitoka mifuko mingapi? Kama ni mmoja wa juu, hapo hamjapima bechi, mmepima mfuko. Na kupima mpaka jibu likupendeze si kupima.

Sasa hilo la kimyakimya. Mwanzoni mwa Agosti 2008 kampuni ya Sanlu ya China ilikuwa imeshajua kwamba maziwa yake ya unga ya watoto yana melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki. Ikaanza kuyaondoa madukani polepole. Fonterra ya New Zealand, mwenye asilimia 43 ya hisa, ilitaka wananchi watangaziwe, haikusikilizwa. Tangazo likatoka Septemba 11. Rafu za duka unaweza kuzisafisha kwa siri, lakini kopo lililokwisha funguliwa jikoni kwa mama halijui siri yako, na mtoto akaendelea kunyweshwa. Watoto sita walikufa, karibu 300,000 waliugua. Mwaka haujaisha, Sanlu ikawa imefilisika, na mwenyekiti wake baadaye akahukumiwa kifungo cha maisha.

Kwenu ni vivyo hivyo: mfuko ulioko nyumbani kwa mteja ndio unaoliwa leo, na moto wa kusongea ugali hauimalizi sumu hii.

Leo, si Jumatatu, simamisheni mauzo na waiteni TBS, Shirika la Viwango Tanzania, ninyi wenyewe. Pigieni maduka mkiwa na namba ya bechi mkononi. Tangazo litaje jina la unga, namba, tarehe na neno sumukuvu. “Sababu za kiufundi” watu wameshazizoea, hawarudishi mfuko. Anayerudisha alipwe, risiti au hana.

Kuna kitu hukuuliza. Mahindi hayo mliyakoboa, na sumu nyingi hubaki kwenye pumba. Ziko wapi? Kama mmewauzia wafugaji, wapigieni nao, wa ng'ombe wa maziwa kwanza: sumu hiyo ng'ombe huitoa kwenye maziwa.