Kabla hujapitisha kiraka cha kurudisha kumbukumbu

Vijana wanaotoka DIT na kwa kina CoICT, chuo cha TEHAMA cha UDSM pale Kijitonyama, wakipewa kiraka (patch, yaani mabadiliko ya msimbo) cha kerneli ya Linux wakikague, macho hukimbilia mistari iliyobadilishwa. Kwenye mm/vmscan.c, faili la kerneli linaloshughulikia kurudisha kumbukumbu (RAM) iliyokwisha kutolewa, hiyo haitoshi. Mstari unaweza kuwa sahihi, ukakompailiwa bila onyo hata moja, na bado seva ikaganda saa nne asubuhi wateja wamejaa.

Anza kwa kuuliza: nani atasubiri? Kumbukumbu iliyo wazi ikishuka chini ya alama ya "low", kswapd, mfanyakazi wa kerneli wa nyuma ya pazia, huamshwa na kukusanya kurasa (vipande vya kumbukumbu) taratibu mpaka ifikie "high". Ikishuka zaidi, hadi "min" nayo haitoshi, programu iliyoomba kumbukumbu inalazimika kuisafisha yenyewe ndipo ipewe. Ni kama kwa mama lishe: kuna dogo anaosha sahani uani, lakini watu wakifurika unaambiwa osha yako ndipo upakuliwe. Kiraka kikimwongezea dogo kazi, si neno sana. Kikiihamishia kwa mteja, mwandishi wake ajieleze.

Kwa hiyo wadogo zangu, msikubali maneno ya "kasi imeongezeka" yakiwa peke yake. Ombeni /proc/vmstat, hesabu za kerneli kuhusu kumbukumbu, ya kabla na ya baada. Tazameni pgscan_direct na pgsteal_direct, za pale mwombaji anapojisafishia mwenyewe: kurasa zilizokaguliwa zikiwa nyingi na zilizopatikana chache, kerneli inahangaika bure. Mimi napenda zaidi workingset_refault_file, inayohesabu kurasa za faili zilizotupwa zikaja kuhitajika tena. Kiraka kinaweza kuonekana hodari wa kuachia kumbukumbu, kumbe kinatupa vitu vinavyotumika na diski ndiyo inayolipa.

Halafu kuna jambo ambalo majaribio yanaweza yasilionyeshe kabisa. Mfumo wa faili umeshika kufuli lake, unaomba kumbukumbu. Kerneli inaanza kurudisha kurasa, inajikuta imeingia ndani ya mfumo uleule wa faili, inataka kufuli lilelile. Hapo hakuna wa kumwachia mwenzake, mashine imekwama. Kuzuia hilo ndiyo kazi ya GFP_NOFS na GFP_NOIO, bendera za kwenye ombi la kumbukumbu zinazokataza urudishaji kuingia kwenye mfumo wa faili au kuanzisha kazi ya diski. Kiraka kikigusa shrinka (kipande cha msimbo kinachopunguza akiba za kerneli yenyewe), au kikiongeza kuandika diskini katikati ya urudishaji, fuata bendera hizo kwa kidole tangu mwombaji wa kwanza mpaka mwisho. Inachosha, lakini kompaila haitakufanyia.

Tangu toleo la 6.1, Desemba 2022, kuna pia utaratibu wa vizazi vingi wa kuchagua kurasa za kutupa, MGLRU, pembeni ya orodha za zamani za active (zinazotumika) na inactive (zisizotumika). Njia zote mbili zimo kwenye faili hilohilo. Muulize mwandishi amejaribu ipi. Faili la /sys/kernel/mm/lru_gen/enabled litakuambia mashine yako inatumia ipi.

Kuhusu mashine ya kujaribia, usione aibu ya laptop ya mtumba ya Kariakoo, GB 4 na diski ya kuzunguka. Kwa kazi hii inaishinda seva ya GB 64 ambayo haijawahi kubanwa. Fungua kivinjari chenye tabo nyingi, kisha kopi faili kubwa kuliko kumbukumbu yote. Faili linalopita mara moja tu halipaswi kukifukuza kivinjari. Wakati huo soma /proc/pressure/memory, hasa mstari wa "full": ni sehemu ya muda ambao kazi zote zilizokuwa na la kufanya zilisimama kwa ajili ya kumbukumbu. Ukipanda baada ya kiraka, unayo hoja, na hoja yenye tarakimu haimkasirishi mtu.

Mwisho, jina. Reviewed-by, mstari wenye jina lako kama mkaguzi, inabaki kwenye historia ya kerneli, na inamaanisha umesoma na umeridhika. Ukiwa umesoma shrinka tu, andika hivyo kwenye jibu lako. Ukiwa umejaribu bila kusoma, ipo Tested-by, tumia hiyo.