Gari ikigoma kuwaka asubuhi ya baridi, usikimbilie kununua stata

Mi nilihamia Njombe nikitokea Dar, na ka-IST kangu ambako Dar hakajawahi kunigomea hata siku moja. Mwezi wa sita ukaingia. Kama hujawahi kuamka Njombe mwezi wa sita siwezi kukusimulia ukaelewa, we jua tu ufunguo wenyewe unaushika vidole vina ganzi. Nageuza: tiki tiki tiki tiki, taa za dashibodi zinafifia, kimya. Ikifika saa nne jua limetoka inawaka kama hamna kilichotokea!

Fundi wa kwanza akasema stata (ile mota inayozungusha injini iwake) imekufa. Nikanunua used, laki na nusu ikaenda, gari ikawaka siku mbili (na siku hizo baridi ilikuwa imepungua, ila mi akili haikufika huko), ya tatu tiki tiki zikarudi.

Nina jirani mzee wa makamo, dereva wa malori ya viazi. Akasikia nahangaika akaja na mita yake ya kupimia umeme. "Shikamoo mzee." "Marahaba. Mwanangu, hii betri umekuja nayo kutoka Dar?" Nikamwambia ndio, ina miaka mitatu. Akacheka. "Basi joto la Dar ndo limeiua, huku imeletwa kuzikwa tu."

Nikadhani utani, kumbe ndo ilivyo. Joto linakula betri kwa ndani taratibu, ila kwa kuwa Dar oili ni nyepesi na injini inazunguka kirahisi, hata betri iliyochoka inamudu. Kwenye baridi mambo mawili yanakuja kwa pamoja, betri inapungua nguvu (karibu na nyuzi 0 hata mpya inapoteza kama theluthi) na oili inakuwa nzito kwa hiyo stata inataka umeme mwingi zaidi.

Cha kwanza sikiliza. Tiki tiki za haraka na taa zinafifia, hiyo ni betri au vichwa vyake (pale nyaya zinapofungwa) vimelegea. Ikilia "ta!" mara moja na taa zinabaki kali, hapo ndo umfikirie stata. Ikizunguka kwa nguvu zote ila haiwaki, achana na betri kabisa, angalia mafuta na plagi, na wenye dizeli waangalie hita plagi (zile zinazopasha injini kabla ya kuwaka) maana asubuhi za baridi ndo zinazowaumbua.

Halafu pima. Asubuhi kabla hujagusa chochote, betri iliyojaa inasoma kama volti 12.6, ikisoma 12.2 imebaki nusu. Usipime jioni ukitoka tu barabarani, itakudanganya. Yangu ilisoma 12.3 nikajua imepona, mzee akaniambia subiri, piga stata huku naangalia mita. Ikaporomoka mpaka 8 na kitu. Akasema ikishuka chini ya 9.6 wakati wa kupiga stata, imechoka au haina chaji, kaichaji usiku kucha upime tena. Nikaichaji, asubuhi ikaporomoka vilevile.

Kabla ya kwenda dukani akanifungulisha vichwa vya betri, kile cha hasi kilikuwa na unga mweupe wenye ukijani, tukaumwagia maji ya moto, tukasugua na msasa, na ule waya wa hasi unapofungwa kwenye bodi pia tukausugua. Watu wengi wananunua betri kumbe tatizo ni huo unga, na wangu ungekuwa ni huo tu ningechekwa mtaa mzima.

Ukishaweka mpya pima gari ikiwa inaunguruma, isome kati ya 13.8 na 14.5 hivi, ikibaki 12 basi altaneta haichaji na betri mpya utaiua ndani ya wiki. Na kama wewe ni kama mimi, kazini ni dakika tano kutoka nyumbani, hiyo safari hairudishi umeme uliotumika kuwashia, mi jumapili naipeleka Makambako na kurudi.

Stata yangu ya zamani? Nzima kabisa, ipo chini ya kitanda, anayeitaka aje tuelewane.