Chupa nyuma ya kopo la sukari

Assalaam alaykum mwanangu,

Barua yako ilinifikia Jumatano na nimeisoma mara tatu. Unasema umepata kazi ya unesi hospisi, kwa wale wanaotuliza maumivu ya wenye maradhi mazito, upande wa watoto, na unaniuliza kama moyo wako utaweza kuona watoto wanaumwa kila siku. Utaweza. Ulikuwa na miaka kumi na tatu ulipokuwa ukimwogesha mdogo wako bila kumgusa taya, na mimi mama yake nimegeuza uso ukutani. Hilo halinisumbui. Linalonikaa kooni tangu Jumatano ni ile chupa.

Unakumbuka ilianza na jino. Lililegea, tukaenda kliniki, wakaling'oa, wakasema jipu litakauka. Shavu likazidi kuvimba, wakang'oa la pili. Tulipofika hospitali ya Mulago, Kampala, kwenye taasisi ya saratani, daktari akanieleza kwa upole kwamba uvimbe ule hukua kwa siku, haungoji miezi, na una jina: Burkitt, jina la daktari mpasuaji aliyeueleza mwaka 1958, akifanya kazi papo hapo Mulago, akiwaona watoto wa kwetu. Na dawa zake zipo, wengi wanaowahishwa hupona. Hapo ndipo paliponikata. Ungekuwa ugonjwa mgeni ningesema kudra. Lakini ugonjwa uliojulikana hapa hapa kabla mimi sijazaliwa, mtu akaona jino!

Kemo, zile dawa za saratani, ilishusha uvimbe, ukarudi. Tukaambiwa turudi kwetu Walukuba, Jinja, watu wa hospisi watatufuata nyumbani. Baba yako aliposikia "hospisi" akaenda kumtafuta mtu wa sanda. Sasa najua wapo watoto wanaohudumiwa na hospisi huku wakiendelea na kemo, na wengine hupona wakarudi shule. Wakati ule nani angetuambia?

Yule nesi alikuja na pikipiki, akakataa kiti, akakaa mkekani. Hakuniuliza mimi, alimuuliza mtoto. Akamchorea nyuso kwenye karatasi, ya kwanza inacheka, ya mwisho inalia, akamwambia aoneshe ile inayofanana na maumivu yake. Mdogo wako alinitazama kwanza mimi. Kisha akaweka kidole kwenye ile inayolia. Mwanangu, mimi alikuwa akiniambia, "Kidogo tu, mama." Miezi yote ile alikuwa akinihurumia.

Nesi akatoa chupa ya plastiki kama ya maji ya kunywa, ndani yake maji ya kijani. Mofini, dawa ya maumivu makali. Akanifundisha: ni unga umechanganywa na maji, hutiwa rangi ili nguvu zake zisichanganywe, kijani ndiyo nyepesi. Apewe kila baada ya saa nne, alie asilie, maumivu yasingojwe yarudi. Hakudai shilingi, serikali ndiyo inayoitoa bure. Nikamuuliza daktari yuko wapi, akasema tangu 2004 nesi aliyesomea kazi hii anaruhusiwa kuiandika mwenyewe, maana madaktari hawatoshi. Akanieleza jinsi Daktari Anne Merriman alivyoanzisha hospisi Kampala mwaka 1993. Nikaitikia yote. Alipoondoka nikaiweka chupa kabatini, nyuma ya kopo la sukari, nikafunga.

Siku mbili.

Bibi yako alisema ile ni dawa ya kumsindikiza mtu, na ni ulevi, mtoto asikutane na Mola wake amelewa. Alikosea. Lakini si haki kumtupia yeye, alikuwa mzee na alimpenda yule mtoto kupita macho yake. Mkono uliofunga kabati ulikuwa wangu. Niliogopa nikimpa kijiko cha kwanza nitakuwa nimekubali. Usiku wa pili aling'ata ncha ya kanga yangu mpaka ikatoboka, na mimi nikamwambia asubiri, ana thawabu. Nimelirudia neno hilo kichwani miaka yote hii. Thawabu gani? Mtoto hadaiwi maumivu. Hadaiwi na mtu yeyote, hadaiwi na Mungu.

Asubuhi akaja yule mama wa mandazi, aliyekuwa akijitolea na hospisi mtaani kwetu. Akaomba kuiona chupa. Akaiinua dirishani, imejaa mpaka shingoni. Hakunigombeza. Alivuta dawa kwa kile kibomba kisicho na sindano, akamdondoshea mdogo wako pembeni mwa shavu zima, akakaa. Nusu saa haijafika, mabega yake yakashuka. Sikujua kwamba yalikuwa juu siku zote. Akalala. Alipoamka akataka posho, yaani ugali, na mukene, wale dagaa, wa kukaanga, na akauliza nani amechukua mpira wake!

Tukapata wiki saba. Unazijua, wewe ulikuwamo: shehe alikuja kumweleza bibi yako kwamba dawa ni dawa, akina mama wa msikitini wakagawana zamu za kufua ili wewe urudi darasani, vijana wa stendi ya boda wakambeba nesi mvua ilipoharibu barabara. Watu husema hospisi ni nesi na chupa. Bila wale wa kufua, mimi ningeanguka kabla ya mtoto.

Unataka nikwambie nenda au usiende. Neno liko kwenye ncha ya ulimi na najua unalisikia hata nisipoliandika. Lakini ni maisha yako, na nikilitamka utakwenda kwa ajili yangu, au kwa ajili yake. Basi nanyamaza, ingawa kunyamaza si tabia yangu. Ila ukienda, usiishie kuuliza dawa imefika nyumbani. Inua chupa uitazame imebaki kiasi gani. Mtoto hadaiwi maumivu, na mama mwenye hofu hatakwambia kweli.

Na mimi nina swali langu, nimelibeba muda mrefu. Zile siku mbili, wewe ndiye uliyekuwa ukipika uji, na sukari ulikuwa ukiichukua mwenyewe kabatini. Uliiona?

Nijibu hilo kwanza.

Mama yako