Maswali ya Wasomaji: Kozi ya udereva wa kujihami kwa barabara za milimani

Toleo lililopita tuliwaomba wasomaji wa Nyanda za Juu Kusini walete maswali kuhusu kujiendeleza baada ya kupata leseni. Yaliyofika yalikuwa mengi na yalifanana. Haya matano yanabeba karibu yote.

*Nina leseni mwaka wa saba sasa. Kila wiki natoka Uyole hadi Makambako na kurudi kwa pikapu. Nimeona matangazo mawili ya udereva wa kujihami. Moja ni siku mbili uwanjani: wanamwaga maji chini na kukufundisha kulidhibiti gari likiteleza. Lingine ni siku tano na mwisho unapewa cheti. Nilipie lipi?*
Muuza viazi, Uyole

Ndugu yetu, kabla hujatoa hata shilingi, piga hesabu ya saa utakazoshika usukani wewe mwenyewe. Siku tano zinasikika nyingi. Mbili zikiishia darasani zinabaki tatu. Kwa saa 6 kila siku hizo ni saa 18. Gari likiwa moja na wanafunzi 8, wewe unapata saa 2 na dakika 15. Igawe ada kwa saa hizo ndipo ujue unanunua nini. Wanafunzi 3 kwa gari moja ni idadi nzuri, maana wawili walioko nyuma hujifunza kwa kutazama makosa ya mwenzao. Wakizidi hapo, wa nyuma wanasinzia.

Hiyo ya maji uwanjani sisi tungeiacha. Norway iliwahi kufanya mafunzo ya barabara telezi kuwa ya lazima kwa madereva wapya, kuanzia mwaka 1979. Walipokuja kupima matokeo, vijana wa kiume waliopitia mafunzo hayo walikutwa wakipata ajali nyingi zaidi kwenye barabara telezi. Ukiangalia kwa makini utaelewa kwa nini. Mtu akishalirudisha gari kwenye mstari mara nne uwanjani, kwa mwendo mdogo, pasipo lori mbele yake, anaingia kwenye kona halisi kwa mwendo ambao zamani angeuogopa. Ujuzi wa mikono unachakaa baada ya miezi michache. Ile jeuri inabaki.

Kozi inayofaa huanzia barabarani. Mwalimu anakaa kushoto kwako nusu saa ya kwanza, anaandika na hasemi kitu, mkiwa kwenye njia unayoizoea. Baada ya hapo anakupa utaratibu wa kuikabili kila hatari, na utaratibu unaofundishwa zaidi ni ule uliojengwa kwa ajili ya madereva wa polisi wa Uingereza miaka ya 1930. Unakwenda hivi: kusanya habari, chukua nafasi, rekebisha mwendo, chagua gia, ndipo ukanyage mafuta. Kwenye kona ya kushoto yenye majani marefu maana yake ni kwamba umetazama kioo cha nyuma, umesogea karibu na mstari wa kati bila kuugusa ili uone mbali zaidi, umemaliza kushika breki gari likiwa bado limenyooka, umeingiza gia moja tu inayofaa, na unapita konani ukiwa umekanyaga mafuta kidogo tu. Akija mtu upande wa pili, unarudi kushoto, hata kama utaona kidogo. Mwalimu anayekuacha ushike breki katikati ya kona bila kukurekebisha hajui kazi, hata cheti chake kiwe na mihuri kumi.

Waulize pia: shule imesajiliwa, na mwalimu ana kibali cha kufundisha? Gari lina pedali ya breki upande wa mwalimu? Tutatoka kwenda barabara kuu, na angalau mara moja usiku? Mwisho nitapewa maandishi yanayotaja makosa yangu, au cheti peke yake? Jibu la swali hilo la mwisho litakuonyesha mengi.

*Naendesha kati ya Mafinga na Iringa. Nikikwama nyuma ya semitrela nashindwa kabisa kuovateki. Mume wangu anasema nakosa ujasiri tu. Kozi itanisaidia?*
Mwalimu wa sekondari, Mafinga

Dada, ujasiri uuache ulivyo. Ongeza hesabu. Tuseme lori lina urefu wa mita 18 na linakwenda 60, wewe unalipita kwa 80. Umeanzia mita 20 nyuma yake na utarudi kushoto ukiwa umeliacha mita 20. Ukijumlisha na gari lako, unatakiwa kulizidi lori kwa mita 62 hivi. Tofauti ya mwendo wenu ni mita 5.6 kwa sekunde, kwa hiyo utakuwa upande wa kulia kwa sekunde 11. Ndani ya sekunde hizo unatembea karibu mita 250. Anayekuja mbele naye, kama yuko 80, anatembea 250 zake. Unahitaji barabara tupu ya mita 500, sawa na viwanja vitano vya mpira vilivyopangwa mfululizo, na hapo hujaweka akiba yoyote. Sehemu nyingi za barabara ile hazina urefu huo unaoonekana, kwa hiyo ulipokuwa ukisita ulikuwa sahihi.

Kozi nzuri itakufundisha kukaa nyuma. Madereva wengi hulibana lori kwa mita 5, wakapoteza uwezo wa kuona, kisha wanachungulia kwa kutoa pua ya gari upande wa kulia. Kaa nyuma kwa umbali wa sekunde 3: lori likipita kibao, hesabu mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu, ndipo wewe ukifikie. Kutoka hapo unaona pande zote mbili za lori. Nafasi ikifunguka, sogea na kushusha gia kabla ya kutoka, tazama kioo, tazama tena mbele, kisha amua. Dereva wa lori akikuwashia indiketa ya kushoto kukuruhusu, mshukuru moyoni, lakini barabara uione kwa macho yako mwenyewe.

*Shikamooni. Nina miaka 22 na nataka kuja kuendesha mabasi ya Mbeya na Dar es Salaam. Nikimaliza kozi ya kujihami nitaruhusiwa?*
Kijana wa Mbalizi

Marahaba, kijana. Hapana. Hiyo ni kozi ya kujiendeleza. Gari la abiria linataka leseni ya daraja C au matawi yake, na kabla yake mafunzo ya udereva wa magari ya abiria kwenye chuo kinachotambulika kama NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) au vyuo vya ufundi vya VETA. Juu ya hayo LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, huwapima na kuwathibitisha madereva wa magari ya biashara. Jenga kwanza uzoefu kwenye magari madogo.

*Nikiteremka Kitonga na gari langu la otomatiki, breki zinanuka na pedali inakuwa laini. Fundi amebadilisha pedi mara mbili. Je, mafunzo yanahusika au gari ni bovu?*
Mkazi wa Ilula

Yote mawili yanahusika. Ukiwa kwenye D, gari linajichagulia gia ya juu na injini haizuii kitu, hivyo mzigo wote unabaki kwenye pedi na diski. Ukiziegemea breki kwa dakika kadhaa mfululizo, joto linapanda hadi oili ya breki inachemka. Mapovu ya mvuke yanakandamizika, oili haikandamiziki. Ndiyo maana pedali inazama. Oili ya DOT 3 ikiwa mpya huchemka kwenye nyuzi 205 au zaidi, lakini hufyonza unyevu wa hewa, na ikishafyonza inaweza kuchemka kwenye 140 tu. Mwambie fundi aibadilishe yote na kutoa upepo, kisha irudiwe kila baada ya miaka 2. Pedi mpya juu ya oili kuukuu hazitakusaidia.

Upande wa dereva: gia ichaguliwe juu, kabla mteremko haujaanza. Zima O/D (ovadraivu, ile gia ya juu kabisa), kisha shusha lever kwenye 2, au L pale panapokuwa pakali. Acha injini ingurume; wengi huogopa sauti hiyo, lakini mshale wa mizunguko ya injini ukiwa chini ya alama nyekundu haidhuriki. Mwendo ukifika 50, kanyaga breki kwa nguvu ya kutosha hadi 35, halafu iachie kabisa ipoe. Kisha rudia.

Na tafadhali, hii ya kuweka frii kwenye mteremko ili kuokoa mafuta tuiache. Injini za kisasa za sindano hukata mafuta kabisa ukiachia pedali gari likiwa kwenye gia. Ukiweka frii, injini inaendelea kunywa ili isizime, nawe umepoteza breki ya injini.

*Nimeshamaliza kozi mwezi uliopita. Nitafanyaje nisirudie mazoea ya zamani, hasa kwenye ukungu?*
Mama wa watoto wawili, Njombe

Mama, kuhusu ukungu shika kipimo kimoja: uweze kusimama ndani ya umbali unaouona. Kwa mwendo wa 40 kwenye lami yenye maji unahitaji karibu mita 32, nusu yake ikiliwa na sekunde moja na nusu ya kushtuka. Ukiona mita 30 tu, uwe chini ya 40. Tumia taa za mbele zilizoinamishwa. Taa zilizoinuliwa (full) hugonga ukungu na kukurudia machoni. Hazadi usiwashe ukiwa unatembea, maana kwenye magari mengi indiketa hazitaonekana tena na wa nyuma hatajua unakata wapi.

Mazoea mapya hutunzwa kwa mdomo. Dakika 10 kila safari, endesha ukisema kwa sauti unachokiona na utakachofanya: "Bodaboda kushoto, abiria anainua mkono, atasimama ghafla; naangalia kioo, napunguza. Daladala imewasha indiketa, mlango uko wazi, mtu anaweza kutokea mbele yake. Lami imebadilika rangi, kuna oili au maji." Mwanzoni maneno yatachelewa, unasema jambo ukiwa umeshalipita. Hiyo ni dalili kwamba macho yako yako karibu mno na boneti. Yainue hadi pale barabara inapopotea. Watoto wakiwa garini wape kazi ya kukukamata ulichoacha kukitaja. Baada ya miezi mitatu, lipia saa moja ya mwalimu yuleyule, umpe na karatasi yake ya makosa ya mwanzo.