Paka kakojolea mswala wa mavyaa

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mke wa mtu, tunakaa Ngamiani hapa Tanga, nyumba ya urithi yenye ukumbi mrefu na uani nyuma. Nina paka dume, namwita Simsim, nimemlea tangu hajafumbua macho. Ana miaka mitatu na hajawahi kukojoa nje ya karai lake. Mwezi wa Shaaban mavyaa wangu, yaani mama wa mume wangu, alikuja kutoka Pangani kutibiwa macho, akabaki nasi. Tukampa chumba alichokuwa akilala Simsim, karai tukalihamishia uani karibu na pampu ya maji. Basi ndiyo balaa likaanza. Alikojolea godoro la mavyaa, nikafua, akarudia. Likafuata kapu la nguo chafu. Juzi mavyaa anaamka kusali alfajiri, anakanyaga mswala umelowa. Nyuma ya mlango wa uani kuna michirizi ukutani, nyumba inanuka, Jik imeniishia na udi nachoma asubuhi na jioni. Karai lenyewe nalisafisha baada ya siku tatu nne, maana nina mimba ya miezi minne na harufu inanitapisha. Wiki hii namuona anaingia kwenye karai, anachuchumaa, anatoka, anarudi tena. Mavyaa anasema paka huyu katumwa, tena ataniharibia mimba. Mume wangu kaapa mwisho wa mwezi anamtia kwenye gunia akamwache Deep Sea wanakoshushia samaki. Nalia kila siku. Nifanyeje?
— Mwenye Simsim, Ngamiani

Marahaba mwanangu, na Mungu akujaalie ujifungue salama.

Katika barua yako yote kuna sentensi moja uliyoipitia mbio: anaingia kwenye karai, anachuchumaa, anatoka, anarudi tena. Godoro litasubiri, mswala utasubiri, hata gunia la mumeo litasubiri. Hiyo haisubiri.

Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba kuliko ya jike, na huziba. Vijiwe vidogo mno hushikana na ute, vikakaa njiani, mkojo ukabaki ndani mpaka kibofu kikawa kigumu. Taka zilizotakiwa kutoka zinarudi kwenye damu, moyo unavurugika, na siku mbili tatu zinatosha kumuua. Wenye paka wengi humuona anajikamua wakadhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta ya nyonyo, na muda unakwenda.

Kwa hiyo ukimaliza kusoma hapa, mfungie chumbani na karai lenye mchanga mkavu umwangalie. Mchanga ukilowa vizuri, una nafasi ya kumpeleka kwa daktari kesho. Ukibaki mkavu au ukipata matone tu, au ukimuona analia, anajilamba huko nyuma bila kupumzika, hataki kula au anatapika, mchukue saa hiyo hiyo, iwe Jumapili iwe sikukuu. Na mtu asikushauri umpunguzie maumivu kwa Panadol. Kidonge kimoja kinaweza kumuua paka, kwa sababu ini lake halina uwezo wa kuivunja dawa ile kama letu.

Tanga ni mji wa maziwa, na madaktari wengi wa mifugo hapa wamezoea ng'ombe. Ukipiga simu sema mapema kwamba mgonjwa ni paka, ni dume, na tatizo ni mkojo. Kama humjui daktari hata mmoja, ofisi ya mifugo ya halmashauri ya jiji watakuelekeza. Mtie kwenye kapu lenye mfuniko, si kwenye mfuko wa salfeti, na ukifika huko umuulizie na chanjo ya kichaa cha mbwa, maana paka naye huupata.

Usishangae daktari akikwambia hakuna mdudu wala kijiwe. Kwa paka wasio wazee ndivyo inavyokuwa mara nyingi: kibofu kinavimba na kuuma, na kinachohusishwa sana na ugonjwa huo ni fadhaa. Ukiniuliza mimi, Simsim ana fadhaa ya kutosha. Chumba chake kina mtu mwingine. Choo chake kimepelekwa penye mashine inayonguruma bila taarifa. Mwenye kumpenda hawezi tena kulikaribia karai. Yote hayo yamemfika kwa mkupuo, na hana wa kumuuliza.

Sasa utaelewa na habari ya godoro. Paka akisikia maumivu anapokojoa karaini, analaumu karai. Anaanza kutafuta mahali laini ambapo hajawahi kuumia, na nyumbani kwako mahali laini ni godoro, kapu la nguo na mswala. Kwamba vyote vinamhusu mavyaa si hila ya paka. Mavyaa ndiye analala katika chumba ambacho Simsim alizoea kumalizia haja zake. Paka hajui kulipiza kisasi kwa mkojo. Na habari ya kutumwa, mwambie mavyaa kwa adabu kwamba mtu mwenye nguvu za kutuma angepata kazi kubwa zaidi ya kulowesha kapu la nguo.

Usimpige, na usimburure ukamsugua pua kwenye mkojo kama wanavyofanya wengine. Hatajifunza kitu ila kukukimbia, na atahamia chini ya kitanda ambako hutamuona.

Tuje kwenye karai. Uani hapafai, hata pampu ikizimwa. Ile michirizi nyuma ya mlango inaniambia kuna shume la jirani linaruka ukuta usiku. Mkojo wa kuchuchumaa huacha dimbwi chini. Huu wa ukutani paka hurusha akiwa amesimama, mkia juu unatetemeka, kidogo tu, na maana yake ni "hapa pana mwenyewe". Simsim anaambiwa akajisaidie mahali ambapo adui anaweza kumrukia akiwa amechuchumaa. Nani angekubali?

Weka makarai mawili, ingawa paka ni mmoja. Moja liwe ukumbini, kando ya mlango wa chumba chake cha zamani, ambako pua yake bado inamwelekeza. La pili liwe pembe nyingine yenye utulivu, mbali na sahani ya chakula. Chagua makarai mapana, Simsim aweze kugeuka ndani bila kugusa ukingo. Wengi tunawawekea paka wakubwa vibeseni vya kunawia mikono. Mchanga wa ujenzi uliochekechwa unatosha, kina cha vidole vitatu hivi. Wa ufukweni una chumvi na vipande vya makombe, usuuze na kuukausha kwanza. Majivu ya kuni yakilowa huunguza nyayo, achana nayo. Maranda ya fundi seremala paka wengine wanayapenda, wengine wanayakataa. Jaza karai moja maranda na jingine mchanga, umwachie achague. Uchafu utolewe kila siku, na karai lioshwe kwa sabuni ya kawaida isiyo na manukato makali. Baadaye, akishatulia kabisa, kama mnataka karai lisogee, lisogezeni hatua moja moja kwa siku.

Kuhusu harufu, mwanangu, umetumia pesa nyingi kumwalika arudi. Udi unaziba pua zenu nyinyi, yake haizibi. Jik ukiimwaga juu ya mkojo hutoa hewa ya sumu inayochoma kifua, na wewe mjamzito ndiye unayeivuta. Dettol nayo si nzuri kwa paka: anaikanyaga, anailamba kwenye nyayo, inamdhuru. Mkojo mbichi unyonye kwa kitambaa kikavu bila kusugua. Kisha chukua sabuni ya unga ya kufulia, ile ambayo pakiti yake imeandikwa kuwa ina vimeng'enya (enzymes), ikoroge kwenye maji ya uvuguvugu, loweka mahali pale uache kwa muda, suuza, anika juani. Vimeng'enya huvunja kile ambacho sabuni ya mche hukiacha. Godoro la sponji limeshanyonya mpaka katikati. Likilowekwa mara mbili bila kuacha harufu, Alhamdulillahi, na kama bado linanuka, linunuliwe jingine na lishonewe foronya ya nailoni kabla halijalaliwa. Mahali anaporudia sana, pakishakuwa safi, weka sahani yake ya chakula. Paka hapendi kukojoa mahali anapokula.

Mswala ni rahisi: ukunjwe uwekwe juu. Paka mwenyewe si najisi, anapita mbele ya anayesali na sala inakwenda, lakini mkojo wake ni najisi na ni haki ya mavyaa kukasirika. Bibi wa watu kaamka alfajiri, macho hayaoni vizuri, anakanyaga maji. Kama hujamwomba radhi kwa hilo, mwombe. Mswala utoharishwe kwa maji mengi mpaka rangi na harufu viondoke, na anunuliwe mwingine wa akiba.

Hukuniambia kama Simsim amehasiwa, nami nachukulia hajahasiwa, kama madume wengi wa Ngamiani. Mkojo wa dume mzima ndio wenye ule mnuko unaokaa wiki nzima, na kurusha ukutani kwa sehemu kubwa ni kazi ya homoni zake. Akihasiwa, hata akiwa na umri huo, madume wengi mno huacha au hupunguza, ingawa huchukua wiki kadhaa. Ifanyike kwa dawa ya usingizi na daktari, baada ya kibofu kupona, si na kijana mwenye wembe. Wako wanaoona ni kuingilia maumbile. Kama mumeo ni mmoja wao, amuulize sheikh wake, maana wapo wanazuoni wanaoruhusu kwa mnyama pale penye manufaa.

Chakula nacho. Dagaa wakavu wa chumvi wasiwe ndicho anachokula kila siku. Mpe samaki wa kuchemsha na mchuzi wake, bila chumvi na bila kitunguu, maana kitunguu huharibu damu ya paka. Paka kwa asili ni mvivu wa kunywa maji, na mchuzi ni njia ya kumnywesha bila kumlazimisha.

Mimba sasa. Mavyaa amesema jambo ambalo lina chembe ya ukweli, na usimkatishe kwa dharau. Manyoya ya paka hayaharibu kizazi, wala mkojo hauharibu. Lakini kinyesi cha baadhi ya paka hubeba kimelea kinachoitwa toksoplasma, na mwanamke akikipata kwa mara ya kwanza akiwa mjamzito kinaweza kumdhuru mtoto tumboni. Mayai yake yakitoka huchukua siku moja au zaidi kabla hayajaweza kuambukiza. Ndiyo maana karai la kusafishwa kila siku halina hatari kama karai la siku nne, na ndiyo maana tangu leo wewe huligusi. Kimelea hicho hupatikana pia kwenye nyama isiyoiva, kwa hiyo mishkaki ya barabarani iive mpaka ndani, na mboga za kachumbari zioshwe vizuri. Ukienda kliniki, mweleze mkunga kwamba unaishi na paka.

Nani atasafisha? Mumeo. Anayeweza kuapa atafunga gunia anaweza kushika koleo. Mwambie usiku, mkiwa wawili, si mbele ya mama yake. Usianze na Simsim, anza na mimba: "Nimeambiwa nisiguse karai mpaka nijifungue, nakuomba unisaidie." Hapo hana njia ya kukataa bila kujiona vibaya. Kisha mwombe wiki sita badala ya mwisho wa mwezi, kwa sababu kibofu hakifuati tarehe ya mshahara. Na umkumbushe kwamba Deep Sea pana mashume waliozaliwa pale. Paka aliyelelewa chumbani na anayeumwa kibofu hafiki mbali katikati yao. Yule mwanamke wa kwenye hadithi ya Mtume, aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka mpaka akafa, habari yake anaijua tangu madrasa.

Jambo la mwisho nalisema polepole. Barua yako inaanza na paka, lakini machozi hayatoki kwa paka peke yake. Mgeni amekuja kwa matibabu, amebaki, na hakuna aliyekuambia atabaki mpaka lini. Chumba kimekwenda, mwili umebadilika, na anayelaumiwa kila asubuhi ni paka wako. Muulize mumeo hilo nalo, waziwazi: mama anakaa nasi moja kwa moja, au anarudi Pangani macho yakipona? Jibu lolote utaweza kuishi nalo kuliko kukisia. Na kama anakaa, mpe mavyaa kazi ya kumlisha Simsim ule mchuzi jioni. Wanawake wa Pangani wanajua samaki, na ni vigumu kuendelea kumshuku mnyama anayekuja kukusugulia miguu kila magharibi.

Daktari kesho. Mchanga ukiwa mkavu usiku huu, usingoje kesho.

Shangazi