Zana tatu, nambari tatu: niamini ipi?

SWALI: Nauza sare za shule Eastleigh na sasa natengenezewa tovuti. Nilitaka kujua watu hutafuta "school uniform Nairobi" mara ngapi kwa mwezi. Keyword Planner ya Google inasema 1,000 hadi 10,000. Zana ninayolipia inasema 320, na kwa "sare za shule" inaweka 0. Kijana wa tovuti ananiambia nihesabu wateja 10,000. Nimsikilize nani? – Mama Sare, Eastleigh

JIBU: Mama Sare, hakuna hata moja ya kusoma kama risiti ya M-Pesa. Zote ni makadirio, na kila moja ina njia yake ya kukadiria.

Keyword Planner ni ya watu wanaonunua matangazo. Akaunti isiyotumia pesa za maana huonyeshwa mafungu tu: 100 hadi 1,000, 1,000 hadi 10,000, na kuendelea. Kwa hiyo ile 10,000 ni ukingo wa fungu, na kijana wako ameuchukua kwa sababu unapendeza. Tena zana hiyo huyaweka pamoja maneno yanayokaribiana, umoja na wingi, hata yaliyokosewa herufi, kisha kila moja likapewa nambari ileile ya jumla. Ukiyajumlisha, umemhesabu mtu mmoja mara tatu. Zana yako ya kulipia huenda imeyatenganisha, ndiyo maana ikapata 320. Na 0 maana yake ni kwamba haikupata data ya kutosha. Watu wanaweza kuwa wanatafuta vilevile.

Kagua pia mahali ulipochagua ndani ya zana. "Sare za shule" huandikwa Dar es Salaam na Mwanza pia. Ukiacha dunia nzima, utahesabiwa wanunuzi ambao hawatafika Eastleigh.

Lakini kwa biashara yako, kinachopotosha zaidi ni wastani. Nambari unayoonyeshwa kwa kawaida ni wastani wa miezi 12. Tuseme Januari, shule zinapofunguliwa, neno lako linatafutwa mara 5,000, na kila mwezi mwingine mara 100. Jumla ni 6,100. Gawa kwa 12 upate kama 508. Hakuna mwezi hata mmoja uliokuwa na 508! Ukipanga mzigo kwa nambari hiyo, Januari utaishiwa na sweta, na Juni utakaa nazo. Fungua grafu ya mwezi kwa mwezi, au Google Trends ukichagua Kenya. Trends haitoi idadi. Inapima kwa 0 hadi 100, na 100 ni kilele cha kipindi ulichochagua. Umbo la mwaka ndilo unalolitaka hapo.

Kisha, kutafuta si kuja dukani. Wengine hubofya tangazo, wengine ramani, wengine wanatazama bei tu.

Ukitaka hesabu iliyo karibu na ukweli, weka tangazo dogo la Google kwa siku chache, neno hilohilo tu, eneo Nairobi. Likionekana mara 200 na ripoti ikasema umepata asilimia 50 ya nafasi ulizostahili kuonekana, basi nafasi zote, yaani mara neno lilipotafutwa siku hizo, zilikuwa kama 400. Tovuti ikishasimama, iunganishe na Search Console. Ni ya bure, na huonyesha maneno yaliyoleta ukurasa wako kwenye matokeo, ingawa yanayotafutwa na watu wachache sana huyaficha. Huhifadhi miezi 16, kwa hiyo Februari ya mwaka wa pili utaweza kuweka Januari mbili kando kwa kando.

Mimi ningeandika kurasa zote mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili, zikiwa hewani kufikia Oktoba, maana Google huchukua muda kuupa ukurasa mpya nafasi. Zana ya kulipia itumie kulinganisha neno na neno ndani ya zana hiyohiyo. Mwezi ukiisha na maneno yako yamekwisha kupangwa, usilipie tena.